Vidonge Vitatu vya Atupele

Nilistaafu Ijumaa iliyopita, saa sita na nusu mchana, nikiwa na miaka kumi na minane. Nilikabidhi sanduku la mbao lenye matundu arobaini, kitambaa cheusi, kalamu ya wino usiofutika, mkasi, plasta na daftari la kuitia majina. Hotuba haikuwepo. Bwana Asukile, mganga wa zahanati yetu ya Makwale, aliniambia nisuuze beseni kwanza ndipo nistaafu.

Haya nawaandikia ninyi wa vidato vya chini mtakaobeba sanduku hilo baada yetu. Kuhusu mshahara sina la kusema, maana haukuwepo. Vyeo nilijipa mwenyewe. Nilianza kama Mbeba Mikojo, nikajipandisha kuwa Mkuu wa Idara ya Mikojo, na hakuna aliyepinga kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka idara hiyo.

Nilianza nikiwa darasa la sita. Bwana Asukile alikuja shuleni kutafuta wenye kichocho, akanikuta nyuma yake naigiza anavyotembea, tumbo mbele na miguu inafuata baadaye. Hakunichapa. Akanipa sanduku nibebe. Nilidhani ni adhabu ya siku moja.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mama Tusa, mama wa maabara, ambaye alikuwa akiongea zaidi na hadubini kuliko na watu. Mkojo unachukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu huo ndio muda mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Kabla ya kutoa, mtu akimbie kuzunguka uwanja mara mbili. Matone ya mwisho ndiyo yenye habari, kwa hiyo anayewahi kufunga suruali amekudhulumu. Chupa zifunikwe kitambaa cheusi, mwanga usiyaangue mayai njiani. Hadubini yetu ilitumia kioo cha kunasia mwanga wa jua, hivyo likitanda wingu Mama Tusa alikunja mikono na kuuliza habari za nyumbani.

Siku ya kwanza aliniambia, "Gwe, wewe, chungulia." Nikaona kitu kama punje ya mpunga yenye mwiba mkiani. "Huyo ndiye anayewatoa damu. Usimcheke, yeye hakucheki." Ilinichukua miaka kuelewa alikuwa ananisema mimi.

Sasa nifike kwenye dhambi, maana bila hiyo haya yote yangekuwa hadithi ya chupa.

Aliyekutwa na kichocho aliitwa zahanati, akapimwa uzito, akala sahani ya wali na maharage, kisha akameza vidonge kwa kadiri ya uzito wake. Siku hiyo hakwenda shamba la shule. Vidonge ni vichungu, vinazungusha kichwa na kusokota tumbo. Kwa hiyo walikuwepo wagonjwa walioogopa vidonge, na walikuwepo wazima waliotamani wali na kivuli. Pande hizo mbili zilihitaji mtu wa kuzipatanisha, na mtu huyo alikuwa mimi. Mimi ndiye niliyeita majina na kutia tiki. Bwana Asukile alikuwa anaangalia mizani, si nyuso. Nikiita "Fulani," akisimama mwingine, nani angejua? Malipo yangu yalikuwa kufagiliwa zamu yangu ya darasa. Nilifagiliwa kipindi kizima cha kidato cha kwanza.

Kidato cha pili tulikuwa kwenye ile sekondari mpya ya wazazi, madirisha hayana vioo, milango imeegeshwa ukutani ikisubiri bawaba. Nilisoma na Bupe, mtoto wa mama mdogo, tuliyekulia uani pamoja. Bupe alikuwa na kitu kwenye mkono, juu ya kiwiko, chini ya ngozi. Kigumu kama harage, hakiumi, ukikibonyeza kinateleza. Tulikiita harage la Bupe. Mimi ndiye niliyepanga foleni ya watu wa kulibonyeza wakati wa mapumziko. Yeye alikuwa anacheka na kusema harage likikua atalipika.

Masika hayo Bupe alianza kuumwa kichwa. Jumatano moja tulikuwa na zamu ya kubeba mbolea kwenye kakao ya shule, na siku hiyohiyo kulikuwa na kugawa dawa. Akanifuata nyuma ya choo.

"Kaka, kichwa kinanigonga. Nikienda juani leo nitaanguka. Nipe jina la mtu."

"Kichocho chenyewe huna."

"Wewe una majina mangapi na yote si yako? Nipe moja."

Jina lilikuwepo. Atupele, msichana wa darasa letu, alikutwa na kichocho na tangu asubuhi alikuwa ananiomba nimwokoe na vidonge. Nikaita "Atupele," Bupe akasimama. Mizani ikasema vidonge vitatu. Akameza, akakunja uso, akala wali wake. Atupele halisi akaenda kubeba mbolea akiimba. Kesho yake akaondoka kwenda kwa bibi yake Katumba Songwe. Nilijiona fundi, maana kila mtu alipata alichotaka.

Ijumaa, kipindi cha pili, kalamu ya Bupe ilianguka. Akainama kuiokota, vidole vya mkono wa kulia vikakataa. Vilikuwa vinaruka vyenyewe. Akaviangalia kama vya mtu mwingine. "Lusajo," akaniita, "ona hivi." Nikacheka. Nasema ukweli, nilicheka, nikadhani ananiigizia. Kisha mkono mzima ukaanza, ukapanda begani, mdomo ukavutwa upande, na Bupe akaanguka kati ya madawati, mwili wote ukimtikisika.

Tulimlaza juu ya mlango mmoja wa ile iliyosubiri bawaba, tukambeba wanne hadi zahanati huku mvua ikitunyeshea.

Bwana Asukile alimchoma sindano ya diazepamu, mtikisiko ukakoma. Macho yalibaki nusu wazi lakini hayamtazami mtu. Mama Tusa akachukua tone la damu, akakimbilia dirishani kulikobaki mwanga kidogo. Baba Bupe akafika na jembe begani, matope hadi magotini. Alisimama mlangoni tu.

"Wadudu wa malaria wapo," Mama Tusa akasema. "Wachache."

"Imepanda kichwani basi," akasema Bwana Asukile, akatundika dripu ya kwinini. Kisha akachomoa kipimajoto kwapani kwa Bupe, akakigeuza, akakigeuza tena. "Hana homa."

"Huku kwetu, Daktari, hata mbuzi ukimpima utamkuta na malaria," Mama Tusa akajibu kutoka dirishani. "Mimi nimesema wachache."

"Na ilianzia mkono mmoja?"

"Ndiyo," nikasema. "Vidole."

Akamgeukia Baba Bupe. "Mzee, amemeza dawa yoyote wiki hii? Ya duka, ya mitishamba, yoyote?"

"Hakuna. Mama yake angeniambia."

"Lusajo, angalia daftari. Jumatano alimeza?"

Daftari nilikuwa nalo mkononi. Nikafungua ukurasa ambao niliujua bila kufungua. Mbele ya jina la Bupe palikuwa na mstari, maana yake mzima. Mbele ya jina la Atupele palikuwa na tiki yangu, nzuri, yenye mkia. Jibu la daftari lilikuwa hapana. Ningesema hapana nisingekuwa nimesema uongo wa mdomo, ningekuwa nimesoma tu. Na ningebaki na sanduku langu, na cheo changu, na Baba Bupe angeendelea kuniita mwanangu.

Vidole vya kulia vya Bupe vikaanza tena kuchezacheza.

"Daftari linasema hapana," nikasema. "Lakini alimeza. Vidonge vya Atupele alimeza Bupe. Mimi ndiye niliyeita jina."

Nilisubiri kofi. Halikuja, na hilo lilinitisha zaidi. Bwana Asukile aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vingapi?"

"Vitatu."

"Saa ngapi?"

"Saa tano."

"Ana uvimbe wowote chini ya ngozi? Mdogo, mgumu, usiouma?"

Foleni yote ya mapumziko ikanipita kichwani. "Analo harage," nikasema, nikapandisha mkono wa sare yake, nikamwonyesha. Alilibonyeza. Kisha akapitisha vidole shingoni, mgongoni, kifuani, polepole. Nyuma ya bega akasimama. Palikuwa na la pili ambalo hakuna aliyelijua, hata Bupe.

"Hivi ni vifuko vya tegu," akasema. "Yule mnyoo wa nguruwe. Kama viko hapa, na kichwani viko. Dawa ya kichocho inaua na hivyo. Vimekufa juzi."

"Nguruwe wangu hajawahi kuugua," akasema Baba Bupe.

"Mzee, tutagombana baadaye."

Mama Tusa alikuwa ameacha hadubini. Aliongea chinichini, lakini chumba kilikuwa kidogo. "Unafikiria deksamethasoni, ya kushusha uvimbe."

"Ndiyo."

"Na kama mimi nimeona sawa na hii ni malaria ya kichwani kweli? Dawa hiyo haisaidii malaria. Utamlaza na hataamka upesi, au hataamka."

"Najua."

"Hospitali?"

"Barabara imekwenda na mto tangu jana. Gari haliji, na huyu habebeki kwa mlango kilomita zote hizo."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa mezani. Dawa ileile, mgonjwa yuleyule. Ikiwa tatizo ni moja inamponya, ikiwa ni lingine inamzidishia. Na kipimo pekee alichokuwa nacho mganga cha kuchagua kilikuwa neno langu, neno la mtu aliyeita majina ya uongo mwaka mzima.

Bwana Asukile alinitazama usoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. "Vitatu. Saa tano. Uliona akimeza?"

"Niliona, Daktari. Alikunja uso."

Akaandika karatasi, ugonjwa na dawa. Zahanati ilikuwa na vidonge vya aina hiyo, lakini mtu asiyejitambua hamezi. Sindano zilikuwa mjini Kyela, kwenye moja ya yale maduka ya dawa yaliyofunguliwa kila kona tangu biashara iachiwe watu binafsi. "Chukua baiskeli yangu."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayejua kwa nini usichelewe."

Safari siielezi sana, magoti yangu yanaikumbuka. Kabla ya Ipyana maji yalikuwa yamekata barabara, nikaibeba baiskeli kichwani, karatasi nimeiuma menoni. Watu wa upande wa pili walinicheka, siwalaumu, mimi pia ningecheka.

Duka lilikuwa la Bi Mwanaidi, mama mwenye asili ya pwani, aliyejua dawa zake kama anavyojua watoto wake. Alinijua na mimi pia, kwa bahati mbaya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo unataka nini, mwanangu? Mwezi uliopita ulitaka dawa ya kuotesha ndevu. Kabla yake ulitaka sindano ya kumchoma mwalimu wa hesabu."

Nikampa karatasi. Ilikuwa imelowa, wino umetambaa, na nusu ya sahihi nilikuwa nimeitafuna. Akaiinua kwenye mwanga.

"Dawa hii si ya kuchezea. Nani ameandika hapa? Wewe?"

"Mganga."

"Wewe uliwahi kuniletea barua ya mganga inayoomba peremende."

Ilikuwa kweli. Nilisimama tu natiririka maji kwenye sakafu yake safi. Akanitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama karatasi.

"Hujacheka tangu umeingia," akasema. Akafungua kabati. Alizifunga ampuli, vichupa vya dawa ya sindano, kwenye pamba, akaziweka ndani ya kopo tupu la maziwa, akalifunga kwa mpira. "Mimi nguruwe simjui, mwanangu, lakini dawa yake ninayo. Nenda. Na kopo hilo usilitikise."

Nilirudi zahanati saa tisa. Bupe alikuwa ametikisika mara mbili zaidi. Bwana Asukile alivunja shingo ya ampuli, mkono wake ukasita juu ya mpira wa dripu, akamtazama Mama Tusa. Mama Tusa akatazama kipimajoto kwa mara ya nne. "Bado hana homa," akasema. Dawa ikaingia. Kwinini hakuizima, ili kama malaria imo nayo ipate yake.

Kisha hatukuwa na kazi nyingine ila kungoja. Wote mtakaofanya kazi hii mtajifunza kwamba kungoja ndiyo sehemu yake ngumu, chupa ni mchezo.

Baba Bupe aliegemeza jembe lake ukutani. "Daktari, hao wadudu wamemla ubongo?"

"Hawajala kitu, mzee. Walikuwa wamejikunyata humo huenda miaka, hai na kimya, wanajua kujificha ili kinga ya mwili isiwasikie. Walipokufa, ngozi zao zikapasuka, vilivyomo vikamwagika. Ndipo chembe nyeupe za damu zikashtuka. Chembe hizo hazina mdomo, zinatoa kemikali. Kemikali moja inaita chembe nyingine, zinazokuja nazo zinatoa zao, zinaita zaidi. Zinalegeza mishipa, maji yanavuja, ubongo unavimba. Na fuvu ni mfupa, halitanuki."

"Kwa hiyo anayemuumiza ni nani?"

"Ni walinzi wake mwenyewe. Akipigiwa yowe mwizi mmoja hapa Makwale, wanakuja watu mia na mapanga. Asubuhi unaweza kukuta mwizi ni maiti, lakini na migomba yako yote imelala chini. Dawa niliyompa haiui mdudu. Inawaambia watu wapunguze yowe."

Baba Bupe alifikiri. "Na malaria ya kichwani?"

"Huko nako yowe lipo, tena kemikali nyingine ni zilezile. Ila mishipa inakuwa imezibwa na wadudu walio hai, na dawa hii haiizibui. Ndiyo maana naogopa."

Ni mara pekee nimesikia mganga akisema anaogopa mbele ya mzazi. Tangu siku hiyo namwamini kuliko waganga wote wasioogopa.

Baadaye, kwenye majarida yake yaliyoliwa na mchwa, nilikuta kemikali hizo zina jina la ukoo, saitokini, na majina yao wenyewe yanafanana na namba za magari: interlukini moja, interlukini sita, na nyingine inayoitwa kwa herufi tu. Zina kazi njema. Bila hizo kidonda kisingepona na tungekufa kwa mafua. Ubaya wao ni kutojua wakati wa kunyamaza. Nilipolisoma hilo nilijisikia ninasomwa mimi.

Jua lilitoka mvua ilipokatika, likainama upande wa migomba. Vidole vya Bupe vilikuwa vimetulia tangu saa kumi, na sikujua kama kutulia ni kuzuri au kubaya, wala sikuthubutu kuuliza. Mama Tusa alikuwa anamfuta mdomo aliposimama ghafla na kitambaa hewani.

Bupe alikuwa ananitazama. Mimi, si dari.

"Kaka," akasema, ulimi mzito. "Ule wali wa Jumatano ulikuwa na mawe."

Baba Bupe alitoka nje. Tulimsikia anapenga makamasi kwa muda mrefu. Aliporudi aliwashika mkono Mama Tusa na Bwana Asukile kuwashukuru, "ndaga fijo, ndaga fijo," akanipita mimi. Ilikuwa haki yake. Ilichukua hadi mavuno ya mpunga kuniita mwanangu tena.

Barabara ilipofunguka Bupe alipelekwa hospitali, akarudi na vidonge vya kuzuia degedege ambavyo anameza hadi leo. Mkono wa kulia ulibaki mzito. Alipoteza mwaka wa shule akijifunza kuandika kwa kushoto. Mama Tusa alipima vinyesi vya uani kwetu na kwao. Baba Bupe alimtetea nguruwe wake, akaelezwa kwamba nyama isiyoiva humpa mtu tegu la tumboni, lakini vifuko vya kichwani vinatokana na mayai ya tegu hilo, yanayotoka chooni hadi kwenye mikono isiyonawa na mboga isiyooshwa. Mwenye mayai alipatikana. Simtaji, amekwisha meza dawa na amekwisha kuona aibu.

Bwana Asukile hakunifukuza. Alinipeleka mbele ya shule nzima nikaeleza yote, na jina la kila niliyembadilisha. Kisha akanituma Katumba Songwe kwa baiskeli kumrudisha Atupele, ambaye alilia njia nzima, akameza vidonge vyake mwenyewe. Na akaongeza sheria, ambazo ninyi mtazikuta ndani ya kifuniko cha daftari. Usiite jina kabla hujaona uso. Usitie tiki kabla hujaona chini ya ulimi. Kabla ya kidonge chochote uliza: kichwa kinauma? Umewahi kuanguka degedege? Kisha mpapase mtu mikono, shingo na mgongo. Aliye na harage hapewi kidonge, anapelekwa kwa mganga.

Niliyemkabidhi sanduku Ijumaa ni Bupe, ambaye sasa yuko nyuma yangu kidato kimoja. Nilidhani kukabidhi ni kusema "haya, chukua." Yeye alikaa mezani, akafungua daftari kwa mkono wa kushoto, akasoma.

"Lusajo."

"Tuko wawili tu humu."

"Lusajo."

"Nipo."

"Inua uso." Akautazama. Kisha akasukuma chupa tupu. "Hii ni yako. Safari hii si ya mdogo wako."

Nadhani nilisahau kuwaambia. Kwa miaka yote hiyo Mkuu wa Idara hakuwahi kupimwa. Chupa yenye jina langu ilijazwa na mdogo wangu, mtoto mwaminifu, kwa sababu niliona jinsi watu wanavyokunja uso wakimeza. Nikakimbia kuzunguka uwanja mara mbili, nikatoa. Mama Tusa akachungulia, akanisogezea hadubini. Punje za mpunga, kila moja na mwiba wake.

"Kichwa kinauma?" Bupe akauliza.

"Hapana."

"Umewahi kuanguka?"

"Unajua sijawahi."

"Vua shati."

Alianza na mkono wa kulia, akaja shingoni, akapita mgongoni. Alitumia mkono wake mzito, ule wa kulia, na ulikuwa unakwenda taratibu sana. Kwenye bega la kushoto ukasimama. Ukabonyeza. Ukarudi, ukabonyeza tena palepale.

Nilisikia Mama Tusa ameacha kusuuza vioo. Nilimfikiria yule mtu wa foleni ya mapumziko, aliyekuwa anaita watu waje kubonyeza, nikatamani nimkamate shingo.

"Kovu la chanjo," Bupe akasema mwishowe. Analijua tangu tunaoga beseni moja. "Nilitaka ujue kubonyezwa kulivyo."

Akanihesabia vidonge vitatu na nusu. Vilikuwa vichungu kupita nilivyowahi kuwaambia watu. Akasubiri nifungue mdomo, akaangalia chini ya ulimi, ndipo akatia tiki mbele ya jina langu, kwa mkono wa kushoto, tiki mbaya isiyo na mkia.